Kibati Kidogo kwenye Turbo Kubwa

Nolasco alikuwa na kanuni moja ambayo watu wa Kayanga waliiona kuwa ni kiburi: hakula wala hakunywa cha mtu kabla ya kupima mali yake. Ukimwita kwako aje kukagua turbo kuukuu, kile kifaa kinachosukuma hewa ndani ya injini, unaweza kumwekea kiti, ukamletea chai ya maziwa na ndizi za kupika, ukamtolea hata kahawa ya kutafuna ambayo kwa Wanyambo na Wahaya mgeni haikatai. Atashukuru, ataviacha palepale, ataomba maji ya kunawa na kipande cha turubai cha kufanyia kazi. Akishamaliza atasema alichokiona. Na kwa kuwa alichokiona mara nyingi hakikumpendeza mwenye chakula, hakukaribishwa mara ya pili. Alirudi kwake Bugene na njaa yake, akachemsha viazi vyake, akala peke yake akiwa ameegemea dirisha.

Kazi yake haikuwa na jina. Wengine walimwita fundi, lakini alikuwa ameacha kufungua injini za watu tangu mgongo ulipoanza kumsumbua. Kwa miaka kumi na minne alikuwa Mwanza, kwenye karakana ya kufufua turbo za malori, na aliporudi Karagwe alikuta kuna Subaru nyingi za mbio zilizoletwa na wafanyabiashara wa kahawa na vijana wanaopenda kusikia upepo. Turbo zao zilikufa mapema kwa vumbi na mafuta mabaya. Mpya hazikununulika. Zilizotumika zilikuja kwenye magunia kutoka Mwanza na ng'ambo ya mpaka, kila moja na sifa zake mdomoni mwa muuzaji. Hapo ndipo Nolasco alipoitwa, kabla mnunuzi hajatoa pesa, ili aseme kitu kilichomo kwenye gunia ni kipi hasa.

Kwanza aliuliza injini ya gari, maana turbo njema kwenye injini isiyo yake ni hasara tu. Kisha aliisugua kwa brashi ya waya na kusoma kibati, kile kipande kidogo cha bati chenye namba kinachopigiliwa ubavuni kiwandani kwa rivet, misumari mifupi ya kubania. Lakini kibati alikisoma kama mtu anavyosoma barua ya asiyemjua. Alitafuta namba nyingine, zile zilizotoka kwenye kalibu pamoja na chuma chenyewe, zisizong'oleka. Alishika shafti kwa vidole viwili: ikicheza kidogo kando, si neno, ikienda mbele na nyuma, hata kwa unene wa unywele, alitikisa kichwa. Alimulika mapezi ya feni kwa tochi. Mwisho alifungua ganda la upande wa hewa, lile lenye umbo la konokono, akapima feni kwa kalipa, kipimo chenye taya mbili, juu na chini. Turbo nyingi zinafanana kwa nje kama mapacha na kutofautiana ndani kwa milimita tano au sita. Milimita hizo ndizo nguvu ya gari.

Hakuwahi kupokea kitu ili aongeze milimita. Kwa hilo nitamtetea popote. Lakini mtu anaweza kuwa mnyofu katika jambo moja akadhani ameumaliza unyofu wote, na hapo ndipo Nolasco alipojikwaa.

Kanuni yake ililegea kwa mtu mmoja tu. Luqman alikuwa na duka la vipuri mkabala na standi ya Kayanga. Babu yake alitoka Tanga na kufanya biashara huku hadi akazikwa huku. Benitha, mke wa Nolasco, alipofariki, Luqman alifunga duka siku tatu akalala msibani kwenye mkeka, na baada ya hapo kila Ijumaa alasiri mkewe Salwa alipika wali wa nazi na kuhakikisha kuna sahani ya ziada kwa ajili ya "shemeji wa Bugene". Watoto wa Nolasco walikuwa mbali, mmoja Geita, mwingine Dodoma. Sahani ile ya Ijumaa ndiyo iliyokuwa jamaa yake. Walikuwa wamekubaliana kwamba siku Nolasco atakayoitwa kupima mali ya Luqman, hatakula. Luqman aliona ni sawa, akacheka.

Siku hiyo ilikuja miaka mitatu iliyopita. Mfanyabiashara wa kahawa aitwaye Mwesiga alitaka turbo kubwa kwa ajili ya Subaru Impreza yake, na Luqman alikuwa nayo, kwa maneno yake na kwa maneno ya kibati. Walitandika turubai kwenye kibaraza cha duka, madereva wa standi wakasogea kutazama. Nolasco alifungua boliti, akapima, akapima tena.

"Kibati kinasema kubwa," alisema. "Feni ni ya ndogo. Na hizi rivet si za kiwandani, ni za mkono. Kibati kimebanduliwa kikarudishwa."

"Nimekibandua mimi," Luqman alijibu bila kusita. "Wewe si unajua duka la jirani lilivunjwa mwezi wa nne? Vibati vyote nilivibandua nikavipeleka nyumbani, mwizi akichukua turbo akose wa kumwuzia. Mwezi uliopita nilivirudisha. Labda vimechanganyika."

Ilikuwa kweli kwamba wauzaji wa Kayanga walianza desturi hiyo baada ya wizi ule. Nolasco aliijua. Lakini alikuwa na wasikilizaji kumi na mmoja mbele yake, na mwanamume anayesifiwa kwa kutopendelea huona aibu kuonekana akimpendelea rafiki.

"Kibati hakina miguu, Luqman."

"Una maana gani?" Mwesiga aliuliza.

"Maana yake kimehamishwa ili ulipie kubwa, uondoke na ndogo. Kwa Kiswahili huo ni wizi."

Luqman hakupiga kelele. Aliinama akaanza kukusanya boliti zilizokuwa juu ya turubai, moja moja. Dereva mmoja nyuma akaita kwa sauti nyembamba, "Kibatiii!" na standi nzima ikaangua kicheko. Jina hilo halikumtoka tena Luqman. Wanunuzi walipungua, halafu wakaisha, na kabla mwaka haujageuka alikuwa amefunga duka na kuhamia Nkwenda, wilaya ya Kyerwa, na familia yake yote.

Nolasco alilala vizuri usiku wa siku ile. Alijiambia kwamba amepoteza rafiki kwa ajili ya kweli, na maumivu aliyoyapata kila Ijumaa aliyahesabu kuwa ni ushahidi wa usafi wake. Miaka mitatu aliishi hivyo. Alipita mbele ya duka lile, sasa saluni, bila kugeuza shingo. Akiingia hotelini standi, mazungumzo yalishuka. Wauzaji walimwogopa na wanunuzi waliona haya kukaa naye, wasije wakadhaniwa wamemhonga. Jumapili baada ya ibada alisimama kidogo nje ya kanisa, akiwasalimia watu kwa mikono, mpaka mikono inaisha.

Mwaka huu, mwezi wa sita, kijana wa Bugene aitwaye Winston, mwenye Subaru Forester anayoikodisha kwa safari, alimpeleka Igurwa. Kulikuwa na mzee mmoja, Theoneste, mkulima wa kahawa, ambaye gari lake lilipinduka. Bodi aliiuza, turbo ikabaki stoo katikati ya magunia.

"Shikamoo, mzee," Nolasco alisalimia, maana Theoneste alimzidi umri, naye mzee akamwitikia kwa neno la heshima la wenyeji.

"Marahaba, waitu. Karibuni. Pokea kahawa utafune."

"Nitatafuna nikimaliza."

"Aa, ndiye wewe! Nilisikia kuna mtu hali vya watu."

"Mzee, huyu hata ndizi ukimpa ataipima kwanza juu na chini," Winston alisema, na Theoneste akacheka hadi akashika mbavu.

Nolasco naye alitabasamu kidogo. Alitandika turubai uani, akasugua, akasoma kibati. Ndogo. Winston alikuja kutafuta ndogo, kwa hiyo hapo kila kitu kilikuwa kizuri. Alishika shafti, imara. Akafungua ganda, akaweka kalipa.

Milimita sitini na mbili. Akaifuta kalipa kwa shati na kupima tena. Sitini na mbili. Feni ya turbo ndogo ni hamsini na sita. Alifuata kwa ukucha namba zilizotoka na chuma kwenye kalibu, akaziona: ni za turbo kubwa. Ndipo akatazama rivet zinazoshika kibati. Zilikuwa za mkono, zenye vichwa vya duara, na mojawapo imepigwa upande.

"Uliinunua wapi hii, mzee?"

"Kayanga. Kwa yule Luqman mliyemwita Kibati. Aliniuzia kwa bei ya ndogo, sina lawama. Ila gari lilinisumbua! Mwanzo linalegea, kisha linaruka kama mbuzi aliyekata kamba. Mafundi wakanila weee, kumbe hawajui."

"Lini?"

"Mwaka uleule. Kama wiki mbili kabla ya zile kelele zenu."

Nolasco aliiweka kalipa chini. Mwizi wa vibati huchukua kibati cha kubwa akakipiga kwenye ndogo, apate zaidi. Na yupo wapi mwizi anayepiga kibati cha ndogo kwenye turbo kubwa, kisha akaiuza kwa bei ya hasara kwa mkulima wa Igurwa asiyejua tofauti? Vibati viwili, turbo mbili zinazofanana kwa nje, rivet za mkono mmoja. Vilikuwa vimebadilishana. Luqman alisema hivyo siku ileile, kwa maneno mepesi, mbele ya watu kumi na mmoja, na mtu pekee aliyekuwa na ujuzi wa kumwamini ndiye aliyemkatiza.

"Mzee Nolasco," Winston alisema, "umeona nini? Inafaa au haifai?"

"Haifai kwako. Kibati ni cha ndogo lakini hii ni kubwa. Kwa injini yako nguvu itachelewa kuja. Mlima wa kwanza utakuwa unasubiri na abiria wanashuka. Na ikija, mafuta hayatatosha bila kubadilisha vitu vingine, utachoma pistoni."

"Kumbe ni kubwa!" Theoneste alisimama. "Basi, kijana, ile bei tuhesabu hatujaiongea."

"Wee mzee! Dakika tano zilizopita ilikuwa chuma kinachokuzibia stoo."

"Chuma kikubwa."

Waliendelea kurushiana maneno kwa furaha ya watu wasio na haraka. Nolasco hakuwasikia. Alirudisha ganda, akakaza boliti, na bila kukusudia akasema kwa sauti, "Luqman hakuiba."

Theoneste alimgeukia. "Sasa mimi unaniambia ya nini? Kwani mimi ndiye niliyemwita mwizi?"

Siku tatu Nolasco hakutoka nyumbani isipokuwa kuchota maji. Alijitetea kwanza, kama afanyavyo kila mwenye hatia. Alijiambia kipimo chake kilikuwa sahihi: turbo ile ilikuwa ndogo kweli, na Mwesiga angeumia. Alijiambia Luqman alizembea, maana asingebahatisha vibati kama angepima kwanza. Yote hayo yalikuwa kweli, na hakuna hata moja lililogusa jambo lenyewe. Chuma alikipima mara mbili. Mtu hakumpima hata mara moja. Aliyalinganisha na kanuni yake ya kutokula kabla ya kupima akaona jinsi alivyojidanganya, maana kwa Luqman alikuwa amekula miaka minane na bado hakuwa amejifunza yeye ni nani.

Jumamosi alipanda bodaboda hadi Nkwenda. Duka la Luqman sasa liliuza ndoo, sabuni na tyubu za baiskeli. Salwa ndiye aliyemwona kwanza. Alisimama na kitambaa mkononi.

"Shemeji," alisema, na neno hilo lilimtoka kwa mazoea, kisha akaonekana kulijutia. Akaingia ndani kumwita mumewe.

Luqman alikuwa ameota mvi. Hakumpa kiti na hakumnyima. Kulikuwa na benchi, Nolasco akabaki amesimama. Alieleza yote: Igurwa, feni, kalibu, rivet iliyopigwa upande. Alieleza kwa utaratibu, kama anavyoeleza mnunuzi, maana hakujua namna nyingine ya kuongea. Alipofika mwisho alisema, "Nilikuita mwizi na hukuwa mwizi. Nimekuja kusema hivyo."

Mteja aliingia kununua kiberiti. Luqman alimhudumia, akamrudishia chenji, akasubiri atoke.

"Salwa," alisema, "mweleze habari ya zile karatasi."

"Mvua ilivuja," Salwa akaeleza akiwa mlangoni, akimtazama Nolasco usoni. "Kila kibati nilikifunga kwa karatasi yenye alama yake, nikakitia kwenye kopo. Paa likavuja juu ya kopo, wino ukaisha. Nilimwambia mume wangu apime. Akasema anazijua turbo zake kwa macho."

"Kubahatisha lilikuwa kosa langu," Luqman alisema. "Siku ileile ningelikubali, na Mwesiga ningemwomba radhi. Ulinipa nafasi?"

"Sikukupa."

"Ulikuwa na haraka ya nini, Nolasco?"

Hilo ndilo swali alilokuwa akilikimbia siku zote tatu. "Watu walikuwa wananitazama," alijibu.

Luqman alitikisa kichwa polepole, kama mtu aliyepata jibu alilokuwa nalo tayari. "Walikuwa wanatutazama sote wawili. Sasa umekuja kuniambia hapa, kati yangu na ndoo. Hapa Nkwenda nani aliwahi kuniita mwizi? Maneno haya mimi nilikuwa nayajua. Wapelekee wasioyajua."

"Nitawapelekea."

"Haya."

Hakuna aliyesema karibu tena. Salwa alimsindikiza hadi barabarani, kwa heshima ya msiba wa Benitha labda, akageuka kurudi dukani.

Jumatatu asubuhi Nolasco alisimama standi ya Kayanga, mbele ya ile saluni. Alikuwa ameandika kwenye karatasi majina ya watu kumi na mmoja wa siku ile, kadiri alivyokumbuka. Kati yao aliwaona wanne tu. Wengine waliokuwepo walikuwa vijana wapya waliokuja kupiga debe baada ya mambo yale kupita.

"Mzee, unafungua kampeni?" mmoja alimtania alipoomba wasikilize.

"Nina neno kuhusu Luqman aliyekuwa na duka hapa."

"Luqman yupi?"

"Kibati," alijibu dereva wa zamani aliyekuwa akifuta kioo. "Yule mwizi wa turbo."

"Alikuwa mwizi?" wale vijana waliuliza kwa hamu, wakasogea.

Hapo Nolasco aliielewa adhabu yake. Ili afute uongo ilimbidi kwanza awape watu ambao hawakuwa nao. Alisimulia wizi ambao haukutokea, kwa watu ambao hawakuwahi kuusikia, ndipo akawaambia haukutokea. Alieleza milimita. Alieleza vibati viwili vilivyobadilishana na mvua iliyovuja. Wawili waliondoka katikati kufuata abiria, wakiwa wamesikia nusu ya kwanza tu, akawaona wanakwenda bila namna ya kuwarudisha.

"Kwa hiyo mkosaji ni wewe," alisema yule dereva wa zamani.

"Ni mimi."

"Na mimi turbo yangu ulisema imekufa, mwaka juzi. Nayo ulikosea?"

"Hapana. Ile ilikuwa imekufa."

Wakacheka. "Sasa tutajuaje, mzee? Labda kesho utatuambia imefufuka!" Kijana mmoja aliiga namna anavyopima, akishika hewa kwa vidole viwili na kukunja uso, na kicheko kikazidi. Nolasco alisubiri kiishe. Kisha akarudia mara ya pili, polepole, kwa jina kamili la Luqman, kwamba hakuiba, na kwamba aliyemwita mwizi alisema asilolijua.

Saa sita mchana alimpigia Luqman simu.

"Nimesema."

"Wangapi walikuwepo?" Luqman aliuliza.

"Wanne wa siku ile. Na wageni."

"Mwesiga?"

"Yupo Bukoba. Nitampigia leo."

Nolasco akasikia mtu huko Nkwenda akiuliza bei ya sabuni. "Haya," Luqman alisema, na kukata. Haikuwa sauti ya hasira, wala ya urafiki.

Wiki ile wateja wawili waliokuwa wamemwahidi kazi hawakuja, na wa tatu alikwenda kwa fundi mwingine anayesoma kibati tu. Nolasco hakuwalaumu. Jumanne ya wiki iliyofuata alifunga mlango, akakunja ile karatasi yenye majina saba yaliyobaki, na kumtafuta mtu wa bodaboda wa kumpeleka Omurushaka. Madereva wawili wa siku ile walikuwa wamehamia huko, na mmoja alisemekana huondoka kituoni kabla ya saa mbili asubuhi.